Jiko Nililolihamishia Chumbani Mwako

Mpendwa Anti Ndunge,

Kuna jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata Mama, hata lile daftari langu ulilozoea kunicheka kwamba linajua siri za nyumba nzima. Wazo la kuhamishia jiko chumbani mwako lilikuwa langu. Hilo kila mtu analijua, na wote walinisifu. Wasilolijua ni kwamba kwa mwaka mzima sasa nimekuwa nikijua kuwa lilikuwa wazo baya, na nimenyamaza.

Nimenyamaza kila Jumapili unapopiga simu kutoka huko Uarabuni na kuuliza kama Mumo ameanza kuongea. Nilinyamaza hata ile Jumapili uliyolia ukasema haongei kwa sababu ulimwacha akiwa mdogo. Nilikuwa nimeshika simu, Anti. Nilikusikia mpaka ulipomaliza, kisha nikasema, "Usijali, ataongea," nikampa Mama simu.

Unanijua. Mdomo wangu haufiki mbali. Kwa hivyo naandika, na naandika barua ya wazi, bila bahasha, kwa sababu ukishaisoma na ukikubali, ningependa akina mama wa chama cha kuku hapa Kitengela waisome pia. Lakini kwanza ni yako.

Unakumbuka siku uliyofika kwetu? Ulikuwa mwezi wa Juni, na upepo wa mbuga ulikuwa umeanza kupita juu ya ploti zote hizi zisizo na miti. Mkataba wako kwenye shamba la maua kule Isinya ulikuwa umekwisha. Baba yake Mumo alikuwa ameacha kushika simu. Tumbo lilikuwa limeanza kuonekana. Ulishuka kwenye bodaboda na mkoba mmoja na mto wa kulalia umeubana kwapani.

"Ndunge, umekuja na mto?" Mama akakuuliza kutoka mlangoni. "Ulidhani kwa dada yako hakuna mito?"

"Iko," ukasema. "Lakini mito yenu najua imejaa manyoya ya kuku."

Mama alicheka hadi akasahau kukuuliza maswali aliyokuwa amekuandalia. Mimi nilibeba mkoba. Nilikuwa darasa la nane, na nilifurahi kimoyomoyo, kwa sababu tangu Baba afariki nyumba yetu ilikuwa ya watu wawili na kuku wengi.

Tulikupa chumba cha mwisho katika ile nyumba ya mabati. Kile kilichopakana nacho kilikuwa cha vifaranga, na kati ya hivyo viwili palikuwa na ukuta wa bati moja tu. Wasomaji wengine wa barua hii pengine hawajawahi kulea vifaranga, kwa hivyo nitaeleza kidogo. Kifaranga wa siku moja aliyeletwa kwenye boksi hana mama wa kumfunika. Lazima apashwe joto wiki tatu au nne, hadi manyoya yatoke. Stima kwetu ilikuja na kwenda, kwa hivyo tulitumia jiko la mkaa. Tulifunika kila tundu kwa magunia na makaratasi ya nailoni ili baridi isiingie. Mama alikuwa akichutama mlangoni na kuwasoma kama mtu anayesoma barua: wakijirundika pamoja wana baridi, wakikimbilia kona ya mbali wana joto, wakitawanyika kama watu sokoni wako sawa. "Hawa hawadanganyi," alikuwa akisema.

Wiki ya pili baada ya wewe kuja, vifaranga walianza kufa. Hawakuwa wamejirundika, wala hawakuwa wamekimbia joto. Walikuwa wamelala tu, midomo wazi, kama wamechoka. Mama alimwita yule mzee wa duka la dawa za mifugo. Alikuja na viatu vyake vya gambuti, akafungua mlango, akanusa, akarudi nyuma hatua moja.

"Mama Mutheu, hawa si wagonjwa. Hewa imeisha humu ndani. Unawapikia moshi."

"Moshi gani, mzee, na mkaa umeshika vizuri? Angalia, ni mwekundu."

"Mkaa ukishika si ati hautoi kitu. Ni vile tu huoni. Toa hilo jiko ama ufungue huko juu."

"Nikifungua si wakufe na baridi?"

Hapo ndipo nilipofungua mdomo, mimi ambaye nyumbani naweza kukaa siku nzima bila kusema kitu. Tulikuwa tumesoma katika sayansi jinsi joto linavyopita kwenye chuma. Nilisema, polepole, kwamba jiko linaweza kuwekwa upande wa pili, chumbani kwa Anti, lisogezwe karibu na bati. Moto utabaki kule, joto litapita huku, na moshi hautapita. Mama hakusikia. Nikarudia.

Wewe ndiye uliyesikia kwanza. "Haki huyu mtoto ana akili! Na mimi nitapata joto. Mimi na vifaranga si tuko na baridi moja?"

Mzee aliutazama ukuta, akaugonga kwa kidole, akacheka. "Huyu mnasomesha injinia na hamjui."

Kabla ya chakula cha mchana tulikuwa tumelihamisha. Mimi mwenyewe nilipanda kwenye stuli na kuziba kwa magunia ule mwanya ulio juu ya ukuta, ili hata moshi kidogo usirudi kwa vifaranga. Nilisukuma magunia kwa ngumi hadi yakakaza. Uliishika ile stuli nisianguke.

Nimefikiria siku hiyo mara nyingi kuliko siku nyingine yoyote maishani mwangu. Tulikuwa watu wanne mle ndani, mmoja akiwa mzee aliyekuwa ametoka kutuambia kwa mdomo wake kwamba hewa ya jiko inaua. Hakuna aliyeuliza: je, anayelala upande huu? Mzee aliitwa kuangalia kuku, akaangalia kuku. Mama alikuwa na hofu ya kuku. Mimi nilikuwa nimeshikwa na furaha ya kusikilizwa. Na wewe ulikuwa mgeni katika nyumba ya dada yako, ukifurahi kwamba kuna kitu unaweza kutoa.

Vifaranga waliacha kufa siku ya pili. Waliishi vizuri sana, Anti. Walilala wamejipanga kando ya bati lenye joto. Tulilea makundi matatu hivyo, moja baada ya jingine, hadi siku zako za kujifungua zilipokaribia.

Sasa niseme lile linaloniuma zaidi, ambalo pia ndilo kumbukumbu nzuri kuliko zote nilizo nazo. Kliniki walikuambia uongee na mtoto aliye tumboni. Ulirudi ukaniita.

"Mimi nitamwambia nini? Maneno yangu ni ya shamba la maua. Wewe ndio uko na vitabu. Msomee."

"Nimsomee nini?"

"Chochote. Nataka huyu atoke huko akiwa anajua kusoma."

Basi kila jioni baada ya chai nilikuja chumbani kwako na kitabu. Tulifunga mlango na dirisha ili joto lisitoke. Ulikaa kitandani na mto wako mgongoni, jiko likiwa miguuni pako, nami kwenye stuli. Mwanzoni nilisoma kama mtu anayeomba msamaha. "Paza sauti," uliniambia, "huko ndani ni mbali." Nikapaza. Nilikusomea kitabu cha hadithi cha shule, nikakusomea sayansi, na vitabu vilipoisha nikakusomea karatasi ya maelezo ya chanjo ya kuku. Ulicheka ukishika tumbo. "Sasa mtoto wangu atazaliwa akijua magonjwa ya kuku kushinda yule mzee!"

Sijawahi kusoma kwa sauti mbele ya mtu mwingine kama nilivyosoma mbele yako. Shuleni nikiitwa kusoma, hunong'ona mstari mmoja na kuketi. Kwako nilisoma hadi mwisho. Tulikuwa tunamjengea mtoto akili, tulidhani, na pengine kwa upande mmoja ni kweli tulikuwa tunamjengea. Lakini tulifanya hivyo katika chumba kilichofungwa, na jiko linawaka.

Kichwa kilikuwa kikikuuma. Ulikuwa ukisema, "Leo kinanigonga kama nyundo." Mimi pia kiliniuma, lakini nilidhani ni mtihani unaokuja. Jioni moja ulisimama ghafla ukashika ukuta, ukatoka nje ukatapika karibu na tangi. Mama alikuja na maji. "Ni mimba tu hiyo," akasema. "Mutheu alinitapisha miezi tisa na mpaka leo hajasema pole." Ulicheka hata ukiwa umeinama. Ulikaa nje kidogo ukapata nafuu, kisha ukarudi ndani, kichwa kikaanza tena. Tulisema hewa ya nje inakufaa. Tulisema hivyo kila mara, na hatukuwahi kuuliza kwa nini.

Mumo alizaliwa mdogo lakini mzima. Ulimleta nyumbani amefunikwa shuka mbili, Mama akasema huyu ni wa kuwekwa kwenye boksi na wengine. Ulimwita Mumo kwa sababu alikuwa baraka, na ni baraka kweli. Ulikaa naye mwaka mmoja na miezi michache, kisha ukapata ile kazi, ukaenda. Najua ulivyoenda. Nilikuona ukitoka nje ya geti mara tatu na kurudi mara mbili, kila mara ukisema umesahau kitu.

Ngoja nikuambie Mumo alivyo sasa, kwa sababu kwenye simu huwa tunasema tu "yuko sawa". Amepita miaka mitatu. Anakimbia vizuri. Ana tabia ya kukusanya vifuniko vya chupa na kuvipanga mstari kwenye sakafu kulingana na rangi, na ukimchanganyia kimoja anakitoa na kukutazama kama mwalimu mkali. Kuku wanamwamini kuliko wanavyoniamini mimi. Maneno anayotamka ni machache: anasema "maji", anasema "kuku", mimi ananiita "Teu", na kuna neno moja ambalo hatujui maana yake. Akitaka kitu kingine anakuvuta mkono. Ukimwambia mambo mawili kwa pamoja, chukua kikombe umpelekee Mama, anachukua kikombe kisha anasimama katikati ya chumba. Lemayian wa jirani ni mdogo wake kwa miezi, na yeye anatuuliza maswali hadi tunamfukuza.

Nimemwambia Mama mara moja kwamba pengine tumpeleke hospitali. Alikuwa akikaanga vitunguu. "Apelekwe afanywe nini? Mjomba wako Kyalo alianza kuongea akiwa na miaka minne, na leo nani atamnyamazisha?" Mimi nikarudi kwenye kitabu changu. Sikumwambia nililokuwa nalijua.

Nililijua shuleni, mwaka jana, nikiwa kidato cha pili. Mwalimu wetu wa bayolojia alituletea makala aliyoyakata kwenye gazeti, tukayasoma kwa zamu. Yalisema kwamba ndani ya moshi mna chembe ndogo mno zisizoonekana. Mama mjamzito akizivuta, zinaweza kuingia kwenye damu yake na kufika hadi kwenye kondo la nyuma, lile linalomlisha mtoto tumboni. Yalisema pia kwamba mkaa ukiwaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa isiyo na rangi wala harufu, ambayo huchukua nafasi ya oksijeni kwenye damu. Na ubongo wa mtoto hujengwa miezi hiyohiyo, ukihitaji oksijeni kila dakika. Watafiti wa nchi mbalimbali, makala yalisema, wameona kwamba watoto ambao mama zao walivuta hewa chafu sana wakati wa ujauzito, baadhi yao huchelewa kuongea, au hupata shida ya kukumbuka na kutulia. Iwe ni moshi wa malori, wa takataka zinazochomwa, au wa jikoni, mwili hauulizi umetoka wapi.

Zamu yangu ilipofika nilinong'ona mstari mmoja nikaketi. Wenzangu walidhani ni kawaida yangu.

Mwalimu huyo huturuhusu kuandika maswali kwenye vikaratasi bila majina, kwa sababu wengine tunaogopa kuuliza. Niliandika: "Je, mtu anaweza kujua kama mtoto fulani amechelewa kuongea kwa sababu ya moshi wa jiko?" Aliposoma, mvulana mmoja wa nyuma akapiga kelele, "Mwalimu, huyo ako na mtoto!" Darasa zima likacheka. Mimi pia nilicheka, ili nisionekane.

"Wacha hizo," mwalimu akasema. "Swali ni zuri. Jibu ni hapana. Kwa mtoto mmoja, huwezi kusema ni hiki au ni kile. Kuna lishe, kuna masikio, kuna kurithi, kuna mambo ambayo hata madaktari hawajui. Unaweza kusema tu kwamba hatari iliongezeka." Akakunja kikaratasi changu. "Lakini aliyeuliza anisikie. Mtoto akichelewa, apelekwe aangaliwe mapema. Ubongo wake bado unajifunza. Kusubiri ndiko kunakoumiza."

Nilitoka darasani nikiwa na jibu, Anti. Nikasubiri mwaka mzima.

Nimejiuliza kwa nini. Nilijiambia kwamba si hakika. Nilijiambia kwamba nikisema, utaacha kazi urudi. Nilijiambia kwamba Mama atavunjika moyo. Lakini ukweli ni mdogo na wa aibu kuliko hayo yote. Nyumbani na kanisani na kwa majirani mimi ni Injinia. Ni jina nililopewa siku moja na likaendelea kuitwa. Mtu kama mimi, ambaye haonekani akiingia chumbani, hapati jina kama hilo mara mbili. Sikutaka kulirudisha.

Wiki iliyopita tulifunga shule. Jumamosi Mama alinituma kwa Mama Lemayian kupeleka mayai. Unamkumbuka, yule jirani Mmaasai aliyekuletea maziwa ulipojifungua. Mume wake amehamia mbali na ng'ombe kutafuta malisho, na yeye ni mjamzito, miezi saba. Alinisalimia kwa Kimaasai kutoka mbali.

"Sopa, Injinia!"

"Epa."

"Kuja, kuja uone. Nimekuibia akili!"

Alinishika mkono akaniingiza chumbani kwake. Ameanza kulea vifaranga mwaka huu. Jiko lilikuwa pale, limesogezwa hadi kwenye ukuta wa bati, karibu na kitanda anacholala. Upande wa pili nilisikia vifaranga wakilia ile sauti yao ya kuridhika. Mwanya wa juu ulikuwa umezibwa kwa magunia na, juu ya magunia, udongo. Dirisha lilikuwa limefungwa.

"Mama yako alinionyesha vile ulifanya," akasema. "Hata nimeongeza udongo. Sasa hata wewe utajifunza kwangu." Kisha akakaa kitandani polepole, akashika paji la uso. "Ni kichwa tu inanisumbua. Hii mimba ya sasa ina kiburi."

Nilisimama pale na trei ya mayai. Nilikuwa na maneno yote. Nilikuwa na makala, nilikuwa na mwalimu, nilikuwa na wewe, nilikuwa na Mumo aliyekuwa nje akicheza na Lemayian. Nikasema, "Iko sawa, Mama Lemayian." Nikaweka mayai mezani, nikamshika Mumo mkono, nikaenda nyumbani.

Jumamosi hiyo na Jumapili nzima sikula vizuri. Ulipiga simu. Mama akakuambia tuko sawa. Mumo akapewa simu, akaiweka sikioni, akapumua tu, nawe ulikuwa ukisema, "Mumo? Mumo, ni mama. Sema kitu." Halafu ukaniambia kwa sauti ya chini, "Mutheu, unafikiri amenisahau? Unafikiri ndio maana?"

Hapana, Anti. Nakujibu sasa. Hajakusahau. Picha yako ikitokea kwenye simu anaigusa na kuipapasa kwa kidole. Na hakuna kitabu nilichosoma kinachosema kwamba mtoto anaacha kujifunza maneno kwa sababu mama yake ameenda kumtafutia chakula akamwacha mikononi mwa watu wanaompenda. Siwezi kukuapia ni nini. Mwalimu alisema hakuna anayeweza. Lakini umekuwa ukijibebesha mzigo peke yako huku mimi nikiwa nimesimama kando nikijua kwamba kuna sehemu ya mzigo huo ambayo si yako. Uliketi kwenye chumba nilichokifunga mimi. Ulilala karibu na jiko nililoliweka mimi. Ulifanya yote uliyoambiwa: ulienda kliniki, ulimeza dawa za damu, uliongea na mtoto, na hata ulipokosa maneno ulikodi sauti yangu. Hakuna mama niliyemwona akimtaka mtoto wake awe na akili kama ulivyomtaka Mumo awe nayo.

Mimi pia nilikuwa mtoto, najua. Najua utaniambia hivyo, nasikia hata jinsi utakavyosema. Nilipokuwa darasa la nane sikujua, na kwa lile la wakati huo najaribu kujisamehe kidogo kidogo. Lakini huu mwaka mmoja wa kujua na kunyamaza nauleta kwako jinsi ulivyo. Huo ndio ninaouombea msamaha.

Nilifika hapo nikaweka kalamu chini. Ilikuwa Jumatatu asubuhi. Haya yanayofuata nayaandika Ijumaa, nikueleze tu nilichofanya.

Nilienda jikoni nikamwambia Mama. Nilimsomea kurasa hizi zote, kwa sababu nikijaribu kusema bila karatasi singemaliza. Aliacha alichokuwa akifanya, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Nilipomaliza akasema, "Na mimi ndiye nilikuwa namwashia hilo jiko kila jioni." Akajipangusa uso na leso. "Vaa viatu."

Tulienda kwa Mama Lemayian sote wawili na Mumo. Mama alitaka kuanza kuongea yeye, nikamwambia ngoja. Nikamwambia Mama Lemayian kwamba Jumamosi nilimdanganya. Nikamwambia kwamba ile akili aliyoniibia ni mbaya, na nikamweleza kuhusu hewa ya mkaa, kuhusu damu, kuhusu mtoto aliye tumboni, na kuhusu kichwa kinachomuuma. Mwanzoni alicheka, akidhani ni mzaha.

"Sasa Injinia amekataa kazi yake?"

"Ndiyo. Nimekataa."

Alimtazama Mama, na Mama akainamisha kichwa. Akamtazama Mumo. Hakucheka tena. "Na vifaranga?" akauliza.

Tulitoa jiko nje tukiwa wawili, mimi na Mama, tukiwa tumelishika kwa matambara. Tukafungua dirisha. Nilipanda juu ya kiti nikabomoa udongo na magunia hadi mwanya ukawa wazi. Kisha nilienda dukani kwa yule mzee wa dawa za mifugo, peke yangu, nikamuuliza mtu asiye na stima ya uhakika anapashaje vifaranga joto bila mkaa ndani. Aliniambia nichemshe maji nje, niyatie kwenye madebe yenye vifuniko, niyafunge kwa magunia na kuyaweka katikati ya vifaranga, na kuyabadilisha yakipoa. Nilimweleza pia kwa nini nauliza. Alivua kofia yake akaishika. Alisema tangu siku ile amewaelekeza watu wengine wawili wafanye kama sisi, mmoja huku Kitengela na mwingine Isinya, na kwamba angewapigia simu. Alimpigia mmoja nikiwa nimesimama pale.

Maji ni kazi nyingi kuliko mkaa. Siku ya kwanza tulichelewa kuyabadilisha, na vifaranga saba wakafa na baridi. Mama Lemayian aliwatoa akawaweka kando, akawasha moto tena nje chini ya sufuria. Tangu Jumatatu nimekuwa nikienda kwake asubuhi na jioni kubeba madebe, kwa sababu yeye hafai kubeba vizito. Amesema kichwa kimepungua. Jana alienda kliniki na akamweleza muuguzi yote.

Leo tulimpeleka Mumo hospitali. Alipimwa masikio, na masikio yake ni mazima. Daktari alicheza naye kwa vifuniko vya chupa ambavyo Mumo alikuwa navyo mfukoni, akatuuliza mengi kuhusu ujauzito wako, nami nikajibu. Hakusema ni kwa sababu ya moshi. Alisema hatuwezi kujua, na kwamba tumekuja wakati ambao bado kuna mengi ya kufanya. Mumo ataanza mazoezi ya kuongea kila Ijumaa, na sisi tutapewa ya kufanya naye nyumbani kila siku. Walinipa fomu nijaze, kwa sababu Mama alikuwa amesahau miwani. Pale palipoandikwa jina la mama nimeandika lako. Pale palipoandikwa atakayemleta, nimeandika langu kwa siku za likizo, na la Mama kwa siku za shule.

Nimepiga picha kurasa hizi zote, na nitakutumia saa ile unayoruhusiwa kushika simu. Usijibu kwa haraka. Ukikasirika, kasirika. Mimi nitakuwa hapa, na Jumapili nitashika simu mimi.

Mtoto wa dada yako, akupendaye,

Mutheu